Joto Limekwama Wapi? Mwongozo wa Kondensa kwa Wenye Friza na Mafundi wa Kiriba

Ukiwa na friza ya kuuzia barafu na soda pale Kiriba, Bwai, au popote kando ya Ziwa Viktoria hadi Musoma mjini, siku ikikataa kugandisha utaambiwa moja kati ya mambo mawili: gesi imeisha, au kompresa imechoka. Mara nyingi si hili wala lile. Joto limekosa njia ya kutoka. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujua limekwama wapi kabla hujalipa pesa ya gesi, na kabla fundi hajakushauri ununue kondensa mpya yenye mirija ya kisasa.

Kwanza nilitoe neno la "gesi imeisha" njiani, maana limewapotezea watu fedha nyingi. Gesi ya friji haitumiki kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, ileile, miaka kumi au ishirini. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kwako baada ya miezi michache, na atakulipisha tena.

Sasa kazi yenyewe. Friza huchukua joto la samaki na maji uliyoweka ndani, huliongezea joto la kompresa, kisha hulitupa nje kupitia kondensa. Si joto dogo. Kilo moja ya maji ya ziwani yenye nyuzi 25 lazima iachie takriban kilojuli 440 ndipo iwe barafu. Mtambo wa kutoa tani moja ya barafu kwa siku unavuta kilowati 5 za joto mchana na usiku bila kupumzika, na ukijumlisha nguvu ya kompresa, kondensa inaweza kulazimika kutupa kilowati 7 au zaidi. Joto hilo likichelewa kutoka, shinikizo hupanda, na kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye kondensa hukuongezea matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Nyuzi 10 za uchafu ni karibu robo ya umeme wa LUKU unaonunua kwa ajili ya friza.

Ndani ya mrija kunatokea nini

Gesi hutoka kompresa ikiwa mvuke wa moto sana, nyuzi 60 hadi 80. Mita za mwanzo za kondensa huupunguza moto huo tu. Kisha mvuke huanza kugeuka kimiminika, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo: joto jingi hutoka huku nyuzi zikibaki palepale, mzunguko hadi mzunguko. Mwishoni kimiminika kitupu hupoa nyuzi chache zaidi, kisha kinaingia kwenye filta draya na mrija mwembamba wa kapilari.

Mvuke hauachi ukuta ukiwa mkavu. Huacha utando wa kimiminika juu ya ukuta wa mrija, na joto la mvuke unaofuata ni lazima lipenye utando huo. Mjerumani Wilhelm Nusselt alilikokotoa jambo hili mwaka 1916, na msingi wake bado unatumika: kinachozuia joto ndani ya mrija ni unene wa utando. Kimiminika cha gesi ya friji iitwayo R134a hupitisha joto vibaya mno. Shaba inaipita zaidi ya mara 5,000. Kwa hiyo utando wa milimita 0.1 tu unazuia joto sawa na ukuta wa shaba wenye unene wa nusu mita. Ndiyo sababu fundi hana haja ya kuhangaikia unene wa shaba ya mrija. Ahangaikie kilicholala juu yake.

Mvuke ukienda kwa kasi, huusukuma utando na kuusambaza mviringo mzima, ukawa mwembamba. Mvuke ukienda polepole, kama ilivyo katika friji za nyumbani, uzito unashinda: kimiminika huteremka na kutuama chini ya mrija, kikafunika sehemu ya ukuta, na ni sehemu ya juu tu inayofanya kazi vizuri. Kutokana na hilo kuna kanuni moja ya kufunga kondensa ya nyuma ya friji isiyovunjwa: mvuke uingie juu, kimiminika kitoke chini, na mirija iteremke njia nzima. Bomba lililopinda likaacha bonde katikati hukusanya kimiminika na mafuta ya kompresa, na sehemu hiyo unakuwa umeinunua bure.

Mapezi ya ndani

Mwaka 1977, wahandisi wa kampuni ya Hitachi kule Japani walitoa mrija wa shaba uliochongwa mapezi madogo sana ndani, yaliyojizungusha kama uzi wa skrubu. Mrija wa aina hiyo unaojulikana sana una kipenyo cha nje cha milimita 9.52, mapezi 60 hivi, kila pezi lina kimo cha milimita 0.2, na yamelala kwa pembe ya nyuzi 18. Usione udogo wake. Eneo la ukuta huongezeka kwa nusu hivi, lakini joto linalopita huongezeka mara mbili, wakati mwingine hata zaidi. Ziada hiyo inatokana na utando. Mvutano wa uso wa kimiminika hukinyonya kutoka kwenye ncha za mapezi na kukipeleka mabondeni, ncha zikabaki karibu kavu. Na mzunguko wa mapezi hukipandisha kimiminika kilichotuama chini kikapake ukuta wote. Gharama yake ni msuguano: shinikizo linalopotea njiani hupanda, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 50.

Mirija hii imo katika viyoyozi vingi vya ukutani unavyoviona kwenye mabenki na mahoteli ya Musoma. Basi je, ukaweke kwenye friza yako? Hapa nakuomba ufuate hesabu kidogo, maana uamuzi wote umelala ndani yake.

Joto likitoka kwenye gesi hupita vizuizi viwili vikubwa: utando wa ndani, na upande wa nje, yaani hewa au maji. Ni kama abiria wanaoshuka mtumbwini kupitia milango miwili iliyofuatana. Ukipanua ule mpana, foleni inabaki vilevile. Upana wa mlango tuupime kwa wati zinazopita kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ndani ya mrija laini, gesi inapogeuka kimiminika, chukua wati 2,000. Hewa iliyotulia nyuma ya friji ya nyumbani hupokea wati 10 tu. Kizuizi cha ndani ni chini ya asilimia 1 ya kizuizi chote. Ukiweka mrija wa mapezi wenye uwezo maradufu, faida yako haifiki asilimia 1. Umetupa pesa.

Chukua sasa kondensa yenye feni na mabamba ya alumini, kama ya friji za vinywaji zenye mlango wa kioo. Mabamba yameongeza eneo la nje karibu mara 20, na feni imeongeza kasi ya hewa. Upande wa nje, ukipimwa kwa eneo la mrija, unafika wati 800 hivi. Mapezi ya ndani hapa yataongeza uwezo wa kondensa kwa asilimia 17. Faida ipo, lakini ya wastani.

Cha tatu ni kondensa inayopozwa kwa maji, aina ambayo gesi hupita mrija wa ndani na maji huuzunguka. Maji hupokea wati 4,000 au hata zaidi. Sasa utando wa gesi ndio mlango mwembamba, na mapezi ya ndani yakiufanya uwe maradufu, kondensa yote hupata nguvu kwa asilimia 50. Hapa ndipo mrija wa mapezi unapostahili bei yake.

Kama una friza ya nyumbani au ya dukani

Hesabu ya kwanza ndiyo yako: mlango wako mwembamba ni hewa. Iache friza sentimita 10 kutoka ukutani, na juu yake pawe wazi ili hewa ya moto ipande. Friza nyingi za kulala hazina mirija inayoonekana nyuma. Mirija imebandikwa ndani ya kuta zake, nyuma ya bati. Kuta zikiwa na joto, kondensa inafanya kazi yake. Watu huogopa wakiligusa joto hilo, kisha wanaifunika friza kwa blanketi au magunia ili "baridi isitoke". Magunia hayo yanazuia joto kutoka. Yaondoe. Wala usipigilie msumari wala kutoboa ubavu wa friza kama hiyo kwa ajili ya kufuli. Mrija uko umbali wa bati moja tu.

Kondensa ya waya au ya mabamba isafishwe. Vumbi la barabara za changarawe peke yake linafagiliwa kwa brashi laini. Vumbi lililochanganyika na moshi wa mafuta ya kukaangia samaki hushika kama gundi, nalo linataka maji ya uvuguvugu na sabuni, umeme ukiwa umezimwa kwenye plagi. Kisha kuna wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi na kuvamia kila taa inayowaka. Friji ya vinywaji iliyokaa barazani karibu na taa hunyonya wadudu hao kwa feni yake, na mabamba huziba usiku mmoja. Isogeze mbali na taa. Ukisafisha mabamba, piga brashi kufuata mistari yake. Ukikatisha, yanalala na kuziba njia ya hewa moja kwa moja.

Jambo jingine wanalosahau hata wauzaji: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya nane. Feni ileile inasukuma ujazo uleule, lakini uzito wa hewa unaobeba joto umepungua. Tunabahatika kwamba hewa yetu haina joto la pwani. Hata hivyo, ukiwa unachagua kati ya kondensa mbili za feni, chukua iliyo kubwa.

Kupima kabla ya kufungua

Kipimajoto kidogo chenye waya kinatosha. Kifunge kwenye mrija kwa utepe, kisha funika kwa kipande cha sponji ili hewa isikidanganye. Iache friza ifanye kazi nusu saa bila kufunguliwa. Kwenye friza ambayo mirija inaonekana, pima katikati ya kondensa, pima inapotokea kabla ya filta, na pima hewa ya chumba.

Katikati ikizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 10 hadi 15, kondensa ni nzima. Ikizidi kwa 20 na kuendelea, tafuta uchafu, feni iliyochoka, au gesi iliyopitiliza. Ikiwa tofauti haifiki 5 na friza haigandishi, usiilaumu kondensa: joto haliifikii kabisa, na chanzo ni gesi iliyovuja, kapilari iliyoziba au kompresa dhaifu. Sehemu ya kutokea iwe baridi kuliko katikati kwa nyuzi chache, tuseme 3 hadi 6. Ukikuta mizunguko mingi ya chini imepoa kama chumba, huku ya juu ikiunguza, kimiminika kimejaa humo na kimeiba eneo la kugeuzia mvuke. Hiyo ni dalili ya kujazwa kupita kiasi, au kizuizi mbele yake. Kuongeza gesi hapo ni kuua kompresa.

Kwa mtambo wenye sehemu za kufungia geji, linganisha geji na kipimajoto. R134a inayogeuka kimiminika kwa nyuzi 45 hapa kwetu inatakiwa isome psi 155 hivi. Ikisoma 185 huku katikati ya mrija ni 45, kuna hewa ndani. Hewa haigeuki kimiminika. Hukusanyika pale utando ulipo, na mvuke unalazimika kupenya katikati yake ili ufike ukutani.

Maneno ya fundi

Kuhusu kuvuta hewa, fundi aliyejifunzia pwani anajua sindano inashuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Musoma haitafika huko hata kwa pampu bora duniani. Shinikizo la hewa yetu ni kilopaskali 88 hivi, na utupu kamili kwenye geji ya sindano unaonekana kama inchi 26. Ukiona 26 usitafute tundu lisilokuwepo. Lakini pia usidhani umemaliza: maji ya nyuzi 27 hubaki maji mpaka shinikizo lishuke chini ya kilopaskali 3.6, na sindano haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya hapo na sifuri. Geji ya mikroni haijali mwinuko. Ifikishe 500, funga pampu, na uangalie kama inatulia.

Ukiunganisha mrija wenye mapezi ndani, pitisha naitrojeni polepole wakati wa kulehemu. Shaba iliyochomwa kwenye hewa hutoa magamba meusi, na kwenye mrija laini yangeoshwa yakaishia kwenye filta, lakini kati ya mapezi ya milimita 0.2 yanajibanza, yakashikana na mafuta, na mabonde yaliyotakiwa kupitisha kimiminika yakaziba. Flaksi iliyoingia ndani hufanya vilevile. Mafuta ya kompresa yakizidi kipimo nayo hujaza mabonde hayo. Basi usimwage mafuta kwa kukisia. Na usichanganye: ukibadilisha mirija laini kwa ya mapezi, ujazo wa ndani na msuguano vimebadilika, kwa hiyo uzito wa gesi ulioandikwa kwenye kibati si mwongozo kamili tena. Jaza kwa kupima nyuzi za kutokea.

Soma kibati kabla ya kuwasha moto wowote. Gesi za R600a na R290 zinawaka. Kilo ya R600a hubeba joto karibu mara mbili ya R134a inapogeuka kimiminika, ndiyo maana friji ya nyumbani hujazwa gramu chache tu, kwa kawaida zisizozidi 150. Gramu hizo zikivuja kwenye chumba kidogo chenye jiko la mkaa, zinatosha kuunguza mtu. Ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Pima kwa mizani, fungua milango, na fanyia kazi nje inapowezekana.

Mitambo mingi ya barafu bado inatumia R404A, na tone la gesi hiyo likitoka angani hupasha dunia joto karibu mara 3,900 ya uzito uleule wa kaboni dayoksidi. Mkataba wa kupunguza gesi za jamii hiyo ulipitishwa Kigali, jirani yetu, Oktoba 2016. Ukinunua mtambo mpya leo, uliza kama upo wa R290. Gesi itakayoendelea kupatikana kwa bei nafuu ni ile ambayo mataifa hayaikimbii.

Mtambo wa barafu unaopozwa kwa maji ya ziwa

Vikundi vya wavuvi vinavyofikiria mtambo wao wenyewe, ili sangara na sato wasiharibike kabla gari la mnunuzi halijafika, vitaonyeshwa kondensa za maji zenye mapezi na kuambiwa zinakula umeme kidogo. Ni kweli, kwa sharti moja. Rudi kwenye hesabu ya tatu: mapezi yamekuongezea nusu ya uwezo. Ute wa mwani wa milimita 0.12 tu ukishika ukuta upande wa maji unafuta karibu faida yote. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chokaa nyingi, kwa hiyo adui ni ute, matope na magugumaji zaidi ya magamba meupe wanayopambana nayo watu wa visima vya chumvi.

Chota maji mbali na ufuko, bomba likae juu ya tope la chini na chini ya magugu yanayoelea, na weka chujio mbili zinazobadilishana ili moja isafishwe nyingine ikifanya kazi. Kabla ya kununua, muulize muuzaji upande wa maji unafunguliwa na kupigwa brashi, au umefungwa kabisa. Uliofungwa husafishwa kwa kuzungusha dawa, kwa mfano asidi ya sitriki, na lazima mtu wa kikundi ajue kuifanya kazi hiyo. Kama hayupo, mimi ningechukua kondensa yenye mirija laini inayofunguka kuliko yenye mapezi isiyofunguka.

Mtambo wa kilowati 7 unataka lita 20 za maji kwa dakika ili maji yapande nyuzi 5 tu kutoka yanapoingia hadi yanapotoka. Andikeni nyuzi hizo mbili kila asubuhi, pamoja na shinikizo la gesi. Tofauti ikipanda hadi 8 au 10, maji yamepungua: angalieni chujio na pampu. Tofauti ikibaki 5 huku shinikizo la gesi likipanda wiki baada ya wiki, maji yanatosha, na ute umeshashika ukuta. Simamisheni mtambo siku ambayo mitumbwi haiendi ziwani, mkausafishe.